Nyumba Iliyochapwa Kinyume

Vernhols, 4 Februari 1858

Mjukuu wangu Ferréol,

Salamu. U mzima huko Paris? Unakula, au unalamba hiyo tindikali yako? Mimi sijambo, magoti tu. Mwanao Zélie ndiye hajiwezi. Homa siku ya tisa, maziwa ya mbuzi anayatapika. Daktari katikisa kichwa, kisha kaomba mvinyo. Mtoto anauliza, “Baba anakuja leo?” Nimechoka kumdanganya. Panda gari la posta uje. Hiyo miti yako ya kuchora, yenye vidole na mawe yenye macho hayatakimbia.

Bibi yako, Mariette

Paris, 11 Februari

Shikamoo Bibi,

Poleni sana. Bamba langu la shaba, lile nililochora msitu wa kuchapwa, limo ndani ya tindikali. Nikiliacha, mistari italiwa, msitu wote utakuwa kiza kitupu. Kazi ya miezi kumi na minne, Bibi! Siku nane tu nilipeleke kwenye maonyesho, kisha naja mbio. Mpe Zélie picha hii ndogo: nyumba yetu chini ya msitu, naye kasimama mlangoni.

Mjukuu wako, Ferréol

Vernhols, 16 Februari

Ferréol,

Sijambo, usiulize zaidi. Picha imefika. Mtoto kaitazama weee, kisha kasema, “Bibi, hapa si kwetu. Kisima kimehamia upande wa zizi. Baba amesahau nyumbani.” Kageukia ukutani, mpaka sasa hataki kunitazama. Njoo, we kichwa maji!

Bibi yako

Paris, 20 Februari

Bibi,

Mwambie sijasahau! Niliichora kwa haraka, kama ilivyo, na bamba likichapwa kwenye karatasi hugeuza kulia kuwa kushoto. Kosa la mwanafunzi. Mshikie picha mbele ya kioo, ataiona nyumba sawasawa. Bamba kubwa limetaka kuzamishwa tena. Siku tatu tu.

Mjukuu wako

Vernhols, 25 Februari

Ferréol,

Barua yako imefika jana. Kioo nilikwisha kukifunika kwa shuka tangu Jumanne, na saa nikaisimamisha, kama nyumba yoyote iliyofiwa. Basi umejua. Padri aliingia na matope sakafuni, nikamfokea, ndipo nikalia.

Tumemzika leo. Usiniandikie tena habari za shaba. Mbuzi wake anamlilia mlangoni, hali chochote mkononi mwangu. Njoo umchinje wewe. Mimi siwezi.

Bibi wa Zélie