Kijiko Nilichomwekea Mwenyekiti Bilali

Rusimbi, Kigoma

Kwa dada yangu Sifa,

Shikamoo dada. Mdogo wako Asukulu bado anapumua, meno ya mbele bado anayo, na hajaoa mke wa Kiha kama ulivyoambiwa na wambeya wa huko Baraka. Goti lako linasemaje? Na mabati waliyobeba wale askari, yamerudi, au bado mnalala mkihesabu nyota? Huku leo tunasikia bunduki zimenyamaza, kesho mtu anashuka kwenye boti anatuambia hazijanyamaza. Mimi nangoja uandike wewe ndipo niamini.

Nahodha aliyeniletea barua yako kanieleza jinsi ulivyocheka uliposikia kwamba natokea kwenye televisheni. Dada, usicheke kwanza. Soma, halafu uchague kama utacheka au utachukua ule mwiko wako wa kunichapia.

Mwenyekiti Bilali unamjua kwa barua zangu. Ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu, aliyenipa chumba cha uani. Siku maofisa walipopita kukusanya wakimbizi wapelekwe kambini, alisimama mlangoni akasema, "Huyu ni mjomba wangu." Wakanitazama mimi Mbembe wa ng'ambo ya ziwa, wakamtazama yeye Mmanyema wa Ujiji, wakakuna vichwa, wakaenda zao.

Mtu huyu ana tabia yake moja. Asubuhi anazunguka mtaa. Akifika kwako anakohoa, anapandisha suruali, anaingia jikoni moja kwa moja na kufunua chungu. "Leo kuna nini?" Anatazama, anafunika, anaondoka. Aliponifanyia mimi mara ya kwanza nilitaka kumtukana, maana chunguni mlikuwa na maji na chumvi tu. Mchana mkewe, Mama Zuhura, akaniletea unga wa muhogo na samaki, migebuka, eti kwao vimezidi. Ndivyo anavyomjua mwenye njaa. Watu wa hapa ni kama wewe, wako tayari kuanguka huku wakisema wameshiba.

Sasa, hapa mjini tuna televisheni ya waya. Mwalimu Sanga, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Njombe, akatunga mchezo wa kuchekesha unaoitwa "Kikao Kimeahirishwa". Ni habari za mji mdogo na madiwani wake. Wanakutana kuzungumzia mtaro, wanagombania kiti chenye mto, kikao kinaahirishwa. Wanakutana tena kuchunguza kwa nini kiliahirishwa, nacho kinaahirishwa, na mtaro umejaa mpaka bata wa meya wanaogelea humo. Watu wanaupenda kwa sababu mtaro wenyewe wanaujua, wameshatumbukia humo. Mimi Sanga alinichukua kwa ajili ya sauti yangu na hiki kitambi kilichoishinda hata vita. Nikapewa kuwa mwenyekiti wa mtaa. Najua utauliza, mkimbizi gani huyo anajificha kwenye televisheni? Nilibandikwa masharubu, dada. Mbuzi mzima alinyolewa kwa ajili yangu.

Siku ya kwanza nilikuwa gogo. Sanga akasema, "Mzee wangu, unaongea kama mtu anayesomewa mashtaka." Nikaona haya. Mimi, niliyekuwa nikimwiga padri mpaka unanifukuza nyumbani! Basi nikakohoa. Nikapandisha suruali. Nikamwendea mama aliyeigiza mpishi nikafunua chungu chake. "Leo kuna nini?" Mshika kamera alikaa chini kwa kicheko. Nawe unanijua, nikisikia watu wanacheka breki zangu zinakatika. Nikachomoa kijiko kwenye mfuko wa koti, nikaonja. Nikaonja tena. Nikamaliza chungu chote, nikajifuta masharubu, nikasema, "Mtaa uko salama."

Kile kifuniko ni cha Bilali, dada. Kijiko nilikiweka mimi. Bilali hajaonja hata mchuzi wa mtu.

Ikawa sifa mji mzima. Nikipita soko la Mwanga akina mama wananipa maparachichi, mafundi cherehani wanasimamisha mashine wanipigie makofi. Nami nilitembea katikati ya barabara kama bwana harusi. Sikuwaza kabisa kwamba Bilali naye anapita soko hilo hilo.

Kwake hakuna waya, hakuwa ameona kitu. Alianza kuusikia mchezo wetu msikitini, wakati wa kuvaa viatu. "Mwenyekiti, kijiko kiko wapi?" Akadhani ni utani wa siku moja. Akaingia jikoni kwa watu, watoto wakamletea vijiko. Mwanamke mmoja akakumbatia sufuria yake akapiga kelele, "Jamani, baba watoto hajala!" Ua mzima ukaangua kicheko.

Jioni akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni.

"Mzee Asukulu, mimi nimewahi kula kwako?"

"Hapana, mwenyekiti."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Haya. Nilitaka kuuliza tu."

Akaenda kulala. Afadhali angenipiga, dada. Angenipiga ningelia, ningepata usingizi.

Nami, usinitukane bado, niliendelea. Nilijiambia mwenyekiti ni mtu mzima, utani utapita. Nikaigiza tena na tena, na kila mara kijiko kilikuwa kikubwa zaidi. Cha mwisho kilikuwa upawa.

Bilali akaacha kuingia majikoni. Anapita barabarani, anasalimia, "Hamjambo humo?" Wanajibu hawajambo, anasonga mbele. Hata kukohoa kaacha.

Jirani yetu ni Bibi Mawazo, mwanamke mzee anayeanika dagaa za watu pale ufukweni. Akaumwa mgongo, hakwenda ufukweni, hakupika. Bilali akipita na kusalimia, alikuwa akijibu hajambo. Watu walimkuta ameanguka bombani, ndoo ubavuni. Hospitali wakasema ugonjwa wake mkubwa ni njaa. Njaa, dada, katikati ya mtaa wa Bilali!

Nilimkuta Bilali ameketi kibarazani, kofia mkononi. Akasema bila kunitazama, "Nilipita pale. Niliona jikoni kwake hakuna moshi. Nikataka kuingia, nikasikia kama kuna watoto nyuma yangu wana vijiko. Nikapita."

"Kulikuwa na watoto?"

"Hakukuwa na mtu."

Nilikwenda kwa Sanga siku hiyo hiyo. Nikamwomba kijiko kitolewe. Akanikalisha kwa heshima, akanipa soda. "Mzee wangu, hicho kijiko ndicho watu wanachokingoja." Nikamweleza habari za Bibi Mawazo. Akainama, akasikitika kweli, si mtu mbaya. Kisha akasema mchezo ni mchezo, hatujamtaja mtu jina. Nikavua koti nikamwachia. Nilidhani nimeuua mchezo. Sasa koti amevaa fundi baiskeli wa Mwanga, na kijiko kiko palepale. Na ananishinda, yule mshenzi. Nilimtazama dirishani kwa watu, nikacheka kabla sijakumbuka kuacha.

Nikarudi kwa Bilali. Nikamwambia, "Kesho tuzunguke wote. Ninatangulia mimi, ninafunua mimi. Wewe simama nje."

"Watakucheka."

"Mimi ndiyo kazi yangu, mwenyekiti. Wewe siyo yako."

Hakusema ndiyo, ila asubuhi alikuwa amevaa viatu. Basi ndiyo kazi niliyo nayo sasa. Naingia kwa watu na kitambi changu, mikono mitupu. Wanapiga makofi, "Kijiko! Kijiko!" Nacheza kidogo, nafunua, wanacheka, nami natazama. Nyumba moja mama alicheka na wenzake mpaka nikashika kifuniko, hapo akanyamaza peke yake. Maji matupu. Nikafunika nikasema kwa sauti, "Pilau tupu humu, mtanipasua!" Nikatoka nikamwambia Bilali sikioni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa Mama Zuhura. Hatuzungumzi zaidi ya hapo. Zamani alikuwa ananiita mjomba hata tukiwa wawili tu. Sasa naitwa Mzee Asukulu.

Bibi Mawazo alirudi kutoka hospitali juzi. Leo asubuhi tulimkuta ameketi mlangoni kwake, chungu mapajani, kifuniko amekiweka chini. Nikataka kuanza vituko vyangu. Akanikata jicho.

"Wewe kaa pembeni. Mwenyekiti, njoo utazame mwenyewe."

Bilali alisimama barabarani kitambo. Watoto wa jirani walikuwa wanatazama. Kisha akaja, akainama.

"Dagaa," akasema.

"Ego, ndiyo, dagaa. Na kesho uje, utanikuta na maharage."

Akakohoa, dada. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango uliokwama. Akapandisha suruali, akaelekea nyumba ya pili bila kuningoja. Nilibaki pale sijui nimfuate au nirudi chumbani.

Nisalimie shemeji, mume wako, na shangazi yetu mzee kama bado anakataa kuzeeka. Salamu kwa mkwe wako mtengeneza nyavu, na wajukuu wote, ila huyo anayeiga watu mchape kwa niaba yangu. Na wewe usinisamehe upesi, nakuomba. Huku hakuna aliyenigombeza bado, na inanielemea.

Ni mimi mdogo wako, wa masharubu ya mbuzi,

Asukulu