Moshi Ndani ya Mkongo

Mikese, 2 Septemba 2024

Mjomba Mosi,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yenu huko Matombo. Magoti ya mama yanaendeleaje? Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumbani anaishika Shakila, na dada huyo akisikia jambo, mama ameshalijua. Castory wa lori la ndizi atakufikishia.

Kazi ya kutunza miti naipenda. Bosi wetu, dada Editha, anatufundisha kupunguza matawi bila kuumiza mti. Jumamosi ilikuwa zamu ya mti mkubwa wa mkongo ulio uani mwa zahanati. Juu, kwenye pango la shina, nyuki walijaa, wenzangu wakatimua mbio. Nikapanda na mwenge wa majani makavu, nikausokomeza pangoni na kuuacha humo, kama ulivyonifundisha. Nyuki wakahama, na wenzangu wakanipigia makofi!

Mpwa wako,
Yusuph

Matombo, 7 Septemba

Mpwa wangu Yusuph,

Marahaba. Tu wazima. Magoti ya mama yako yanalalamika, na mdomo wake vilevile.

Barua yako niliifurahia mpaka nilipofika kwenye mwenge. Hukurudi kuutoa? Huku milimani nauacha kwa sababu miti yetu imelowa mwaka mzima, moto unajifia wenyewe. Huko kwenu mvua mmeiona lini? Mti wa sehemu kavu huliwa na moto ndani kwa ndani, na majani yakabaki kijani. Weka kiganja kwenye shina alfajiri, kabla ya jua. Ukikuta joto, mwambie bosi wako siku hiyohiyo. Usipande. Tangu juzi silali vizuri.

Mjomba wako,
Mosi

Mikese, 12 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina hali ya kuuliza habari, nisamehe.

Shina lina joto. Nimeligusa siku tatu, na leo joto limeshuka hadi usawa wa kifua changu. Moshi hauonekani, ila ukisogeza pua kwenye ufa unasikia harufu. Chini kuna mabenchi. Kila Jumanne kina mama hukaa hapo na watoto wakisubiri kupima uzito. Juzi walikaa. Nilisimama mbali, na sikusema kitu.

Nikisema nitafukuzwa. Jumapili hakuna watu, nitapanda na ndoo za maji niuzime moto mwenyewe. Usimwambie mtu.

Mpwa wako,
Yusuph

Mikese, 16 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nilikuomba usiseme, nawe ukaazima simu ya Castory ukapiga namba ya Editha iliyoandikwa kwenye fulana ya kazi niliyokuletea! Alinikuta nimeshafunga kamba, mguu mmoja uko juu. Akanivuta kwa mkanda, tukaanza kugombana huku tukienda. Hatukufika mbali tukasikia mlio. Mkongo ulikatika katikati, ukaangukia mabenchi. Ndani ulikuwa makaa matupu. Hakuna aliyeumia.

Editha hajanifukuza. Anasema Jumanne ya tarehe 24 nisimame mbele ya kina mama, niwaambie kwa mdomo wangu nilichofanya na nilichoficha. Naogopa, Mjomba, kuliko nilivyouogopa mti. Ni watoto wao waliokaa pale. Kwetu mtu akikosa, mjomba wake husimama naye. Hapa sina ndugu. Njoo.

Mpwa wako,
Yusuph

Matombo, 21 Septemba

Mpwa wangu Yusuph,

Marahaba. Tu wazima, ingawa mama yako amejua yote, na unajua kwa nani. Amelia, kisha akakutukana, kisha akakufungia mkungu wa ndizi.

Castory anatangulia na barua hii. Jumatatu nitapanda lori lake nije.

Niliiona maiti yako, Yusuph. Simu ya bosi wako inaita, haipokelewi, nami naiona kabisa.

Jumanne usifungue mdomo kabla yangu. Mwenge ule ni wangu: nilikufundisha kuuacha, sikukufundisha kwa nini. Hilo nitawaambia mimi. Kule kunyamaza Jumanne ile kina mama walipokaa na watoto ni juu yako wewe, na hapo sitakusaidia. Nitasimama karibu tu.

Mjomba wako,
Mosi