Nimetoka Kwenye Shimo la Barafu Nikiwa Nusu Mtu

Mpendwa Shangazi Hilja, naomba msaada na naomba usinicheke, maana mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo, naendesha gari la kusukuma theluji na kaunti hii yote hakuna anayenifikia, umri ishirini na tatu, shule niliacha mapema kwa sababu walimu walichoka kabla yangu, na sura ninayo, uliza yeyote hapa Calumet. Basi mwezi wa pili tulikuwa sauna, kile chumba cha mvuke, kwa kina Dale Huhta, wanaume watano, uchi kama kawaida yetu, tukachemka mpaka masikio yakaiva, halafu mbio ziwani tukajitosa kwenye shimo tulilokata kwenye barafu, wenzangu wakaruka nje haraka kama paka na mimi kwa sababu ya sifa nikakaa dakika tatu nzima. Nikatoka kifua mbele. Dale akanitazama chini akasema, "Kaka, umekiacha majini? Turudi tukakitafute." Carl, mwenzetu mwingine, akacheka mpaka akakaa kwenye theluji. Nikamjibu Dale, "Cha kwako hata samaki wamekikataa," lakini nilipojitazama, Shangazi, nikaona kimebaki kama kitovu cha mtoto.

Nilipofika nyumbani nikachukua kioo cha kunyolea nikajikagua, jambo ambalo sikuwahi kufanya, nikaona kumbe kikisimama kinapinda kushoto kidogo, halafu pale chini ya kichwa kuna vipele vyeupe vidogo vidogo vimepangwa mstari kama shanga, nikasema hizi ni chunjua, nikachukua dawa ya chunjua za miguu ya babu nikapaka. Iliwaka, Shangazi. Nikaruka ruka bafuni, mama akauliza mlangoni, "Unaua panya?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi muue haraka, nataka kuoga."

Sasa naoa mwezi wa sita, na kwao mchumba wangu, nimwite Aino, siku moja kabla ya harusi bwana harusi anaingia sauna na baba mkwe na mashemeji wanne kisha wote ziwani, nami wiki sita nimesingizia mafua, sauna siingii, na Aino namkwepa hata kumkumbatia. Ameniuliza kama nina mwingine, nikanyamaza. Juzi nikila kwao akavua pete akaiweka karibu na sahani yangu, akasema nina mpaka Jumapili nimwambie ukweli, la sivyo nisirudi. Kuna kazi mji wa mbali, Duluth, nafikiria kwenda zangu. Barua hii nimeileta gazetini kwa mkono. Je, mimi nina kasoro?

Jogoo wa Theluji

Jogoo,

Nimecheka, nisamehe. Lakini kwenye ile dawa ya miguu nikaacha kucheka. Ile imetengenezwa kula ngozi ngumu ya kisigino, wewe ukaipeleka kwenye ngozi laini kuliko zote ulizonazo. Usiiguse tena. Osha kwa maji matupu, na kama umechubuka nenda kliniki leo hii.

Nimekuwa nesi wa magonjwa ya njia ya mkojo miaka thelathini na moja, kwa hiyo hunishtui. Baridi hukivuta ndani, kila mwanamume, hata anayejisifu. Wewe umetoka kwenye barafu baada ya dakika tatu ukajipima hapo hapo. Nani alikutuma? Na hata kikiwa kimelala kwenye joto hakisemi kitakuwaje kikisimama. Kuna vinavyolala vidogo vikaamka vikubwa, na vingine havibadiliki sana. Ukikitazama kutoka juu kitaonekana kifupi, hilo ni jicho lako tu. Kupinda kidogo ni kawaida, kama hakuumi na hakukuanza jana. Korodani moja kuning'inia chini ya mwenzake nayo ni kawaida, nalisema mapema kabla hujarudi na kile kioo.

Vipele vya mstari, vya ukubwa mmoja, visivyouma wala kuwasha, wanaume wengi wanavyo. Si ugonjwa, haviambukizi, havitaki dawa. Ila mimi sijakuona, na chunjua za kweli nazo zipo, huota bila mpangilio na kuongezeka. Mwache daktari atazame, dakika mbili tu. Umwone pia ukipata kidonda, usaha, maumivu ukikojoa, uvimbe mgumu, au kupinda kupya kunakouma. Kikisimama kwa muda wa saa nne bila kulala, au ngozi ya mbele ikinasa nyuma, kimbia hospitali, usisubiri asubuhi.

Lakini kilichomvua Aino pete si hicho, ni ukimya wako. Msichana amekaa wiki sita anaamini hatakiwi, na wewe unawaza Duluth. Aibu hiyo ndiyo ikuume. Gazeti hili linatoka Ijumaa, una siku mbili. Nenda kwao kesho, kaa, anza na maneno haya: "Nilijipaka dawa ya miguu ya babu." Atacheka. Mwache acheke mpaka amalize, kisha mwombe radhi kwa yaliyobaki. Pete usiiguse, airudishe mwenyewe kidoleni.

Na sauna ya harusi utaingia. Mwezi wa sita ziwa letu bado linauma kwa baridi, na kwa desturi baba mkwe ndiye anayetangulia kujitosa na kutoka. Atakapotoka, mtazame usoni, mpe taulo, umwite baba.