Mjerumani Aliyesema Maisha ni Mateso

Bisil, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Goti linaendeleaje? Na mahindi, mmeshapalilia? Mimi ni mzima, ingawa wiki hii niliogopa mpaka ugali ukakataa kushuka.

Dada ameniambia unaniombea niache kusoma "yule mzungu anayechukia maisha". Usihofu, Mama. Ni mwanafalsafa Mjerumani wa zamani. Anasema ndani ya kila kiumbe mna kutaka kusikoisha. Ng'ombe anataka nyasi, mimi nataka kuajiriwa kabisa. Tukikosa kitu tunaumia, tukikipata tunakizoea upesi na kutaka kingine. Kwa hiyo anaona maisha ni mateso. Lakini anasema pia kwamba muziki hutupumzisha kidogo, na kwamba wema huanza pale maumivu ya mwenzako yanapokuuma wewe. Hilo la mwisho nilikuwa nimelisoma tu, sikulijua.

Jumatano, hapa sokoni ninapoandika vibali vya kusafirisha mifugo, mzee mmoja Mmaasai alitaka kupeleka ng'ombe wake kwenye malisho upande wa Magadi. Kwa kuogopa kukosea, nikawanyooshea kidole na kuhesabu kwa sauti. Akanishika mkono.

"Ero! Wewe kijana, unataka waishe? Ng'ombe wa mtu hahesabiwi hivyo!"

"Mluhya huyo, anadhani ni kuku!" mtu akapiga kelele, wakacheka wote.

Mzee akaondoka bila kibali. Mkubwa wangu, mama mmoja mkali, akasema, "Mzee yule asiporudi kufikia Ijumaa, wewe pia usirudi." Unajua bado niko kwenye majaribio.

Alhamisi nilikwenda bomani kwake, nikikariri maneno ya kuiokoa kazi yangu. Nilimkuta amemwinua ng'ombe aliyeanguka kwa njaa, amemwegemeza begani. "Walikuwa wanajaza boma hili," akasema. "Ukame umeniachia hawa." Mama, yale maneno yote yalinitoka kichwani. Sikukumbuka hata kazi. Nikaweka bega langu upande wa pili, nikasema, "Pole, mzee. Nilikosea."

Tulisimama hivyo mpaka yule ng'ombe akapata nguvu. Kisha mzee akacheka. "Unatetemeka kumshinda huyu! Toa kalamu." Akanitajia ng'ombe mmoja mmoja: mwekundu wa mama yake, mwenye baka jeupe, yule mkorofi wa pembe moja. Mimi nikaandika kila mmoja mstari wake. Idadi niliijaza baadaye, kimyakimya.

Ijumaa alikuja mwenyewe kuchukua kibali. Mkubwa wangu akaiangalia ile orodha ndefu, akaniangalia mimi, akagonga muhuri.

Namshukuru Mungu, na wewe uliyenisomesha. Nisalimie Dada, Mjomba fundi wa baiskeli, na mke wa mchungaji anayekupeleka kliniki. Waambie kazi bado ninayo, na kwamba mzee amepiga simu: ng'ombe wake wamefika kwenye nyasi, wote.

Mwanao akupendaye,
Wekesa