Tamthilia ya Kikorea kwa Mdomo wa Baba Mdogo

Jumapili, Aprili 1997. (Nimeinakili hapa kutoka kwenye daftari langu la wakati ule. Sijarekebisha kitu.)

Mvua imenyesha tangu Misa ya kwanza, Ifakara yote ni tope, na mimi nina hasira mpaka nimekaa kwenye cherehani siku ya Jumapili, jambo ambalo najua halifai. Blauzi ya mteja nimeunga mkono wa kushoto upande wa kulia. Nimefumua, nimekosea tena. Nimeacha.

Kisa ni Wakorea.

Yaani nimefika miaka ishirini na sita nagombana na watu wa Korea, ambao hata hawajui kama kuna mji unaitwa Ifakara.

Aliyetuletea ni baba mdogo Kanuti, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mkorea aliyekuja kupima barabara. Yule bwana aliporudi kwao akamwachia televisheni, deki ya video, na boksi la kanda ambazo mkewe alikuwa akimrekodia tamthilia za nyumbani. Tangu hapo, kila Jumapili mchana baba mdogo anapanga mabenchi kwenye banda lake la mabati, anawasha jenereta, anashika maiki na kututafsiria. Mji mzima unasema Kanuti anajua Kikorea. Mimi nilikuwa nampelekea kuni kule kambini kwa mhandisi, na maneno niliyomsikia akimwambia bosi wake ni chumvi, pilipili, maji ya moto, na kesho saa kumi na mbili. Tamthilia nzima anaitafsiri kwa chumvi na pilipili.

Lakini niwaseme kwanza Wakorea wenyewe, maana nao wananichosha. Mhindi akipenda anaimba, anakimbia kwenye maua, mambo yanakwisha. Mkorea akipenda anatazama. Anatazama dirisha, anatazama kikombe, anatazama mgongo wa mwenzake anayeondoka, na piano inalia mpaka jenereta inakaribia kuishiwa mafuta. Si umwambie tu? Mtu yuko hatua tatu mbele yako, ana masikio, mwite.

Na mvua yao. Haianzi kunyesha mpaka watu waachane. Sisi huku inanyesha hadi mpunga unalala, na hakuna aliyeachana na mtu. Halafu magonjwa: ukimwona msichana mzuri ametokwa damu puani, usijisumbue kumzoea. Halafu mama wa kijana tajiri, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kochi na kuwamwagia watu maji usoni. Na kila baada ya dakika tano wanakula wali kwenye kibakuli ambacho hapa bondeni ukimwekea mgeni atajua humpendi.

Pamoja na hayo yote, sijakosa Jumapili hata moja. Hilo nalikiri. Nampenda yule binti wa tamthilia hii, ambaye baba mdogo amempa jina la Anna kwa sababu la kwake halishikiki. Anafanya kazi kwenye duka la kushona nguo, anatembea na futi ya kupimia nguo shingoni kama mimi, na mwanzoni alikuwa mbishi kama mimi.

Kisha mshenga akaja kwetu.

Ametumwa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Kisawasawa, mgane mwenye watoto wanne. Mtu mwenyewe si mbaya. Ni mpole, anasalimia watu vizuri. Simtaki tu. Nilisema simtaki mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa kilio, na mara zote mbili mama hakutia neno. Baba mdogo ndiye anayesimama badala ya baba, na yeye anataka sana. Jibu linatakiwa Jumatano, kwa sababu Alhamisi mimi na mama tunahamia shambani Michenga kufukuza ndege wasile mpunga, na tukishapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia, haturudi mjini mpaka mavuno.

Tangu mshenga aje, Anna amebadilika tabia. Anafunga mlango kwa kishindo mpaka picha ya ukutani inaanguka, baba mdogo anasema, "Hapo anamwambia mama yake, usiku mwema, asante kwa ushauri." Anachana barua vipande vipande, baba mdogo anasema, "Ameisoma, ameridhika, sasa anaificha dada zake wasiione." Na watu wanaguna kwa kuridhika. Wana macho kama mimi, lakini wanafuata maiki.

Ningevumilia hata hayo. Shida ni mama. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwenye ile televisheni anaona mwanga na rangi basi. Kwake yeye tamthilia ni sauti ya shemeji yake. Jumapili iliyopita tulipokuwa tunatoka aliniambia, "Yule Anna ana heshima, anawasikiliza wakubwa." Niliumia njia nzima.

Leo ilikuwa kanda ya mwisho. Kijana tajiri akaja dukani na kiboksi cha pete. Anna akakitazama, kama kawaida yao. Wakatazamana, piano ikaanza. Halafu Anna akakisukuma kile kiboksi juu ya meza kwa vidole viwili mpaka kikamfikia mwenyewe, akatikisa kichwa. Kijana akakitia mfukoni, akatoka, na nje mvua ilikuwa inamsubiri. Baba mdogo akakohoa kwenye maiki. Akasema, "Anasema, nimekubali, ila pete ipelekwe kwanza kwa Padre ikabarikiwe."

Banda likapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, akasema, "Leokadia, umemsikia mwenzio?" Pembeni yangu mama yangu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekwisha amua.

Nikasimama.

Sijui nguvu niliipata wapi, maana mimi baba mdogo namwogopa. Nikasema, "Samahani baba mdogo. Huyo dada amekataa." Akaniambia kwenye maiki, "Keti, Leokadia. Wewe Kikorea umesomea wapi?" Watu wakacheka. Nikasema, "Sijui Kikorea. Lakini kama amekubali, mbona pete iko mfukoni mwa mwanaume?" Kicheko kikakatika. Bwana mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa akasema hata yeye ameiona ikirudi. Mwingine akaomba kanda irudishwe nyuma. Baba mdogo akazima jenereta, akatangaza kwamba mafuta yamekwisha.

Kwa hiyo mwisho hakuna aliyeuona, na lawama zote nimebeba mimi.

Njiani mama alinishika mkono kwa sababu ya utelezi. Tulipofika akakaa kwenye mkeka, akavuta ungo wa mchele, akaniambia nimsimulie tamthilia yote tangu mwanzo, kama nilivyoiona mimi. Nikamsimulia. Mlango, barua, pete. Nilijichunga sana, sikuongeza neno, na mahali nisipoelewa nilisema sikuelewa. Yeye alikuwa anachambua mchele kwa vidole, anasikiliza. Nilipomaliza akauliza, "Na mama yake Anna, alipoambiwa mtoto hataki, alisemaje?"

Nilichokiona ni hiki. Kabla Anna hajafunga ule mlango kwa kishindo, mama yake alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua kichwa. Alisema maneno machache, kisha picha ikahamia kwingine. Inawezekana alikuwa anamlaani. Inawezekana alikuwa anaomba kisu kingine.

Nikamjibu, "Alisema, mwanangu, kama humtaki, humtaki. Mimi niko upande wako."

Vidole vya mama vikasimama kwenye ungo. Kisha akasema kesho asubuhi nimwite baba mdogo, ana neno la kumwambia kabla mshenga hajarudi, na mimi nisiwe na wasiwasi tena. Akaendelea na mchele wake. Baadaye akasema, kama anaongea peke yake, kwamba kumbe na huko Korea kuna wanawake wenye akili.

Nimepata nilichokuwa nakililia wiki tatu, na nimekaa hapa nasononeka. Mchana nimemwaibisha baba mdogo mbele za watu kwa sababu anawatilia wengine maneno mdomoni. Jioni nimefanya hayohayo, tena vizuri kumshinda. Yeye angalau wengi wa aliokuwa anawadanganya wana macho.

Kesho kabla ya kumwita baba mdogo, nikimwambia mama kwamba yale maneno yalikuwa yangu, ataniambia bado yuko upande wangu?