Ile Juisi ya Béatrice

Kanyosha, Bujumbura
Jumatano, 15 Mei 2024

Kaka yangu mpendwa Idi,

Assalaam alaikum. Naanza kwa kukuulizia afya, wewe na wifi Sijaona na watoto wote huko Kigoma. Je, mguu wa wifi umepona? Shakuru wa mizigo alituambia aliteleza kwenye matope, nasi tukamwombea dua. Sisi hapa ni wazima wa mwili, alhamdulillah. Mume wangu Moubarak bado yuko gereji, ingawa kazi imepungua kwa sababu magari mengi yanashinda kwenye foleni ya mafuta. Ziwa limepanda tena mwaka huu na watu wa chini wamehama, lakini huku kwetu maji hayajafika. Kaburi la mama tulilifyeka kabla ya Ramadhani.

Utashangaa kupata barua yangu wakati simu yako inaita vizuri. Kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningekata. Kwa hiyo nimempa Shakuru karatasi hii akuletee pamoja na mizigo yake. Isome ukiwa peke yako, na usinyanyuke kabla hujaimaliza.

Kaka, nina hofu. Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Ilianza baada ya Ramadhani, kwenye harusi moja kule kwetu Buyenzi. Marafiki wa bibi harusi walimlazimisha binti yangu Amira aimbe. Mimi nilikuwa nyuma napakua pilau, sikujua. Ghafla nikasikia sauti inatoka ukumbini, nikadhani wameweka kanda yangu ya zamani. Nilipochungulia nikamwona mtoto wangu amesimama katikati ya watu, macho amefumba kama nilivyokuwa nikifumba mimi. Mtu mmoja alimrekodi kwa simu. Kufika Jumapili mji mzima ulikuwa umemwona, na chini ya ile video wameandika: Petite Dija amefufuka.

Wewe unakumbuka jina langu hilo la jukwaani lilivyokuwa. Picha yangu ilikuwa kwenye kalenda ya kila saluni. Wasichana walisuka nywele kama zangu, na nilipopita mtaa wa Rohero kununua viatu duka lilibidi lifungwe. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Amira ana miaka kumi na minne sasa.

Jumanne yake simu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ikasema, "Dija, ni mimi." Nilikuwa nachagua mchele, nikakaa chini sakafuni palepale. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita, lakini mwili wangu ulimjua Massoudi, aliyekuwa meneja wangu, kabla ya kichwa.

Alhamisi alikuja mwenyewe, saa ambayo Moubarak yuko kazini. Amekuwa na mvi, anavaa miwani. Aliniletea kitenge, na simu mpya kwa ajili ya Amira. Akanywa maji, akaangalia kuta zetu, akaniambia anaandaa tamasha kubwa Rohero wakati wa likizo, na Amira ataimba nyimbo zangu zote. Nikamwambia kwa hii sauti yangu ya mnong'ono kwamba haiwezekani. Akacheka, akasema, "Mi siombi ruhusa kwa mutu asiye na sauti." Nilimrudishia kitenge chake na simu yake, akaenda.

Wiki iliyofuata nikaikuta ile simu kwenye mkoba wa Amira, chini ya madaftari. Alikuwa amepewa kwenye lango la shule. Tangu siku hiyo sina raha, Kaka. Gari jeupe linaegeshwa karibu na shule, na dereva hashuki. Nimekuwa nikimfuata mtoto kwa nyuma, najificha kwenye vibanda kama mwizi, mpaka wenzake wakaniona na yeye akalia kwa aibu. Ufunguo wa lango naulalia. Honi ikipigwa barabarani, namwaga nilichoshika.

Nisikie sasa kuhusu Massoudi, maana wewe ulikuwa unambebea spika na kumwita bosi, na sikukulaumu. Mama aliamini kwamba ile nyumba yake ya Kigobe, ambayo alikuwa na studio ndani, ni kama shule ya bweni. Alikuwa akinifungia kwa nje. Nikikosea wimbo alinifinya chini ya kwapa, mahali ambapo blauzi inafunika. Nilipokuwa na malaria nilitapika nyuma ya jukwaa, akanifuta mdomo kwa shati lake mwenyewe, akanisukuma mbele ya watu. Na siku nyingine nilipoimba vizuri alikuwa analia machozi kweli. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Ile sauti aliipenda. Mimi niliyeibeba hakuniona kabisa.

Halafu siku moja niliona pasipoti mezani kwake. Picha ni yangu, jina si langu, na miaka imeandikwa ishirini na mmoja. Nilimsikia akizungumza na mtu kwamba nitaimba kwenye hoteli za ng'ambo kwa miaka miwili, na makaratasi yangu atayashika huyo mtu. Nilimkimbilia mama. Mama akaniambia Massoudi anajua dunia kuliko sisi, na kwamba yeye ameshaweka sahihi.

Ilikuwa imebaki siku tisa. Jumapili ile ya tamasha la mwisho, Béatrice wa juisi ya tangawizi alikuja nyuma ya jukwaa na chupa yangu, kama alivyofanya kila mara tangu nikiwa mdogo pale Buyenzi. Nikanywa, nikapanda, nikafungua mdomo, na mbele ya watu wote hao ukatoka mnong'ono tu. Massoudi ndiye aliyeikamata ile chupa na kupiga kelele kwamba nimewekewa sumu. Hospitali, dua, machozi ya mama, yote hayo unayajua. Safari ikafa. Petite Dija naye akafa.

Jumamosi iliyopita Massoudi alirudi mara ya pili, na bahasha. Ndani yake kuna karatasi ya daktari wa wakati ule, ambayo alikuwa ameificha ili asionekane mjinga mbele ya watu waliomwamini. Akaniambia atakuja Jumanne kuchukua jibu. Nikikataa, karatasi hiyo itasomwa Buyenzi nzima, na nakala itakufikia wewe Kigoma.

Ndiyo maana nataka uyapate kwangu kwanza.

Kaka, koo langu halikuwa na kitu. Daktari aliandika kwamba ni zima. Hakuna sumu. Nilinyamaza kwa kupenda kwangu ili nisipelekwe, na nimenong'ona miaka kumi na saba, kwa mume, kwa mtoto, mbele ya maiti ya mama. Nilipanga kusema ni homa imeniziba. Neno la sumu sikulisema mimi. Lakini lilipotoka kwa Massoudi sikulikanusha.

Na jioni ile mlipokwenda kwa Béatrice, wewe na wale vijana, mimi nilikuwa nimelazwa nyumbani, chumba cha mbele kinachotazama kibanda chake, na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia mbao za kibanda zikivunjwa. Nilimsikia akiapa. Nilisikia sauti yako ukisema, "Umemuua mudogo wangu," kisha nikamsikia yeye wakati ulipoupinda mkono wake. Maneno mawili yangetosha: siyo yeye. Nilikuwa nayo mdomoni. Massoudi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu, ananitazama midomo, nami nikaogopa. Nikageukia ukuta.

Massoudi alipoondoka na bahasha yake nilimweleza Moubarak yote, kwa sauti yangu nzima. Aliniangalia kama vile mtu mwingine ameingia chumbani. Akaniuliza ni nini kingine nimemficha. Sikuwa na kingine, lakini ataniaminije? Akachukua mkeka, akaenda kulala gereji.

Jumapili nikaenda sokoni. Béatrice anauza mboga za lengalenga na vitunguu hapahapa Kanyosha. Nilimwona miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nilikuwa napita njia nyingine. Amezeeka. Alikuwa anafunga mafungu kwa mkono wa kulia na meno, na ule mwingine umelala mapajani. Nikachutama mbele yake, nikamwambia mimi ni nani. Aliendelea kufunga. Nikaanza kusema kwa mnong'ono kwamba juisi yake haikuwa na kosa.

Akanikatiza. Akasema, "Apana. We usininong'oneze. Kama unasema, sema na sauti yako, hawa wote wasikie."

Nikasimama katikati ya soko, nikasema kwamba Béatrice hakunipa sumu, kwamba nilidanganya, na kwamba aliumizwa kwa ajili yangu. Wauza samaki waliweka visu chini. Mama mmoja alinitemea mate karibu na mguu. Béatrice alichukua kitambaa akajifunika uso. Baadaye akaniuliza huyo Massoudi anakuja saa ngapi.

Jana, Jumanne, alikuja saa tisa. Akamkuta Béatrice amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na Moubarak, ambaye alikuwa amerudi asubuhi, amesimama dirishani. Nikamwambia Massoudi kwa sauti kamili kwamba Amira haimbi kwake, leo wala kesho, na karatasi yake aisome anapotaka, maana soko limeshaisikia. Nilitegemea atatukana. Badala yake alifumba macho. Akasikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema polepole, "Kumbe bado iko." Béatrice akamwambia yeye naye ana ya kusema kwa kiongozi wa mtaa, yule mkuu wa kartiye, kuhusu mtu aliyeshika karatasi ya daktari miaka yote hiyo huku yeye akiitwa mchawi. Hapo ndipo Massoudi aliponyanyuka. Moubarak akamfungulia lango.

Usidhani yamekwisha. Leo asubuhi gari jeupe lilikuwa palepale shuleni. Moubarak alimpeleka mtoto mpaka darasani na kuzungumza na mwalimu mkuu, na alasiri tunakwenda wote kwa mkuu wa kartiye. Amira haongei nami. Alisikia yote akiwa nyuma ya pazia. Kitu pekee alichoniambia ni kwamba hajawahi kuimbiwa na mama yake hata alipokuwa mchanga, na kwamba nimemwibia. Naogopa kwamba kwa hasira yake atatoka mwenyewe aende kwa yule mtu, na hakuna ufunguo wa kuzuia hilo.

Na wewe nakuogopa, Kaka. Nakuogopa kwa sababu ulikuwa unanipenda, na nilikufanya uwe mtu aliyemvunja mama wa watu mkono. Hukuwa hivyo. Ukitaka kunikata katika ukoo, nitaelewa. Mwambie Shakuru, asinifiche.

Nilipomsindikiza Béatrice jana, nilimwomba aniambie anataka nini kutoka kwetu. Hakutaja kitu. Aliniuliza tu kama yule kijana bado anaamini kwamba ilikuwa sumu. Nikasema ndiyo. Akasema, basi mwandikie, na umwambie kwamba mimi ni mtu wa shoto, na mkono alioupinda ndio niliokuwa nao wa kazi.

Nimekuandikia.

Msalimie sana wifi Sijaona, umbusu kila mtoto kwa jina lake. Moubarak anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na nyinyi.

Ni mimi mdogo wako,
Khadidja