Skrubu ya Tisa Haikuwa na Shahidi

Mzee Nizar,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kila asubuhi, sasa naamkia karatasi. Niko ndani ya gari nje ya karakana yetu hapa Vaughan, Kanada, saa moja kasoro, na bado sijashuka. Wala si baridi inayonizuia. Naogopa, mzee wangu.

Wiki sita sasa tangu utuache. Kiti chako wamempa Harpal, yule wa Brampton aliyeanza kazi mwezi uleule ulipougua. Ana adabu, ana mtoto mchanga nyumbani, na huja kazini macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chupa yako ya chai ya tangawizi bado iko kabatini. Hakuna anayethubutu kuigusa, na mimi ndiye mwoga kuliko wote.

Kisanduku chetu cha kubebea vumbi la asteroidi, kile ulichokiita mtoto wetu, kimekamilika. Keshokutwa kinasafirishwa kwenda kufungwa kwenye chombo cha angani. Nyumbani wakiniuliza ni asteroidi gani hiyo, nawapa maelezo yako: ni jiwe linalozunguka jua karibu na njia ya dunia, kwa mwendo karibu uleule, kama gari linalokwenda sambamba na lako kwenye barabara kuu ya 401, ukilitazama unadhani limesimama. Halafu ulikuwa ukicheka, "Jirani wa miaka yote, na hatujawahi kumpigia hodi!" Chombo kikifika kitaligusa kwa sekunde chache tu. Mfuniko ufunguke, vumbi liingie, mfuniko ujifunge. Ukikwama, basi. Hakuna fundi wa kumtuma huko.

Bawaba za mfuniko huo zimeshikwa na skrubu kumi na mbili, na sheria yake ulinifundisha wewe. Mmoja anakaza na kutaja kwa sauti kipimo kinachoonekana kwenye spana. Mwenzake anaangalia kwa macho yake, anajibu "nimeona", ndipo anachora mstari mwekundu juu ya skrubu na kutia saini. Sisi wawili tulitaja vipimo kwa Kiswahili miaka yote saba. "Polepole, Mchaga, hakuna anayekufukuza," ulikuwa ukinitania.

Siku ya pili baada ya kukuzika nilirudi kazini. Waliniambia nipumzike, nikajitia ushupavu. Nilikaza zote kumi na mbili, Harpal akiwa shahidi, na nilitaja vipimo kwa Kiswahili, mzee. Vyote! Sikujua hata kwamba nafanya hivyo. Harpal hajui hata neno moja la Kiswahili, na aliposimama kipimo hakionekani. Akachora, akatia saini. Jana tukila chakula cha mchana ndipo aliponiambia. Anasema aliona machozi yamejaa kwenye miwani yangu, akaona haya kunikatiza.

Tangu hapo najaribu kuzikumbuka moja moja. Ya nane naikumbuka. Ya kumi naikumbuka. Ya tisa sina kumbukumbu yake.

Pengine iko sawa. Kisanduku kilitikiswa kwenye mashine, kikapita. Ningeweza kunyamaza, na jana nilikaribia kabisa: mstari upo, saini zipo, nani atajua? Nikisema, watakifungua, majaribio yataanza upya, na huenda chombo kikaondoka bila mtoto wetu. Harpal bado hajathibitishwa kazini, wanaweza kumwondoa. Mimi pia. Nisiposema, nitakaa miaka nikingojea habari ya mfuniko mmoja huko mbali, na kila simu ikilia nitashtuka.

Nina hasira na wewe kidogo, nisamehe. Ungekuwepo ungeniuliza mara moja tu, "Una uhakika, bibie?" na ningezifungua zote palepale. Sasa swali hilo najiuliza mwenyewe, na sauti yangu haina uzito kama yako.

Gari la bosi limeingia sasa hivi.

Pumzika, mzee wangu, kazi yako uliimaliza vizuri. Yangu nakuahidi hivi: nitasema kabla sijavua koti, na nitasema kosa ni langu kabla sijataja jina la Harpal. Bosi ameniona, amenipungia mkono, nami nimeshamwashiria anisubiri.

Mwanafunzi wako,
Aika